Maua Meupe Juu ya Refugio

Bwana Hilario hakupiga hodi. Alisukuma mlango wa bati akaingia moja kwa moja mpaka uani, ambako Bi Refugio alikuwa amekaa kwenye kigoda, bata mzinga mapajani, akimnyonyoa manyoya kwa ajili ya sherehe yake mwenyewe. Mwenyekiti wa gati haingii uani kwa watu Jumamosi asubuhi kuja kujulia hali. Amparo, mkamwana wa Bi Refugio, alilijua hilo. Akaacha kusaga pilipili, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Hongera, Bi Refugio," Hilario alisema. "Nasikia leo unatimiza sabini na tano."

"Natimiza jioni. Nilizaliwa jioni. Kama umeniletea zawadi mapema, iweke pale."

Hilario alicheka kicheko cha mdomoni tu. Hakuleta zawadi. "Eleuterio yupo?"

Eleuterio alikuwa ameshatokea nyuma ya nyumba, kopo la rangi mkononi. Boti yao ilikuwa imefungwa huko nyuma, mferejini, na tangu alfajiri alikuwa akilirudishia rangi jina lililoandikwa kwenye tao la mbele: REFUGIO, herufi nyekundu juu ya manjano. Marehemu baba yake ndiye aliyeichonga boti ile na kuipa jina la mkewe. Hapo Xochimilco, kwenye mifereji ya kusini mwa jiji la Mexico, kila boti ina jina juu ya tao, na kila mtu huijua boti ya mwenzake kwa jina kabla hajamjua anayeisukuma.

"Kuna watu wa ofisi wanatoka mjini," Hilario alimwambia. "Wanamfanyia bosi wao sherehe, jioni hii hii. Wanataka boti yenye meza ndefu. Yenu. Wanalipa mara mbili ya bei."

"Leo boti haikodishwi," Amparo alidakia. "Tulikwambia tangu Januari, na ukasema sawa, na ukala tamale zetu za unga wa mahindi siku hiyo hiyo."

"Ndiyo maana nimekuja kuomba, shemeji."

"Na tukikataa?"

"Mkikataa mmekataa. Ila usiku huu tunapanga upya zamu za Jumapili. Mimi sioni raha kumpa zamu ya mbele mtu anayefukuza wateja."

Alilitamka hilo taratibu, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Na hakukuwa na haja ya ukali. Boti ikisukumwa mwisho wa foleni, mwenye nayo anaweza kushinda Jumapili nzima akitafuna mua na kuangalia migongo ya wenzake. Eleuterio aliyajua hayo kuliko mtu yeyote pale uani.

"Halafu wanataka tao liwe na jina la bosi wao," Hilario aliendelea. "Wanakuja nalo wenyewe kwenye kitambaa, nyie mnalifunga tu juu ya hilo lenu. Na wameomba chakula cha nyumbani, cha asili. Nimewaambia huku kuna bata mzinga."

"Huyo bata mzinga ni wa mama!"

"Kwani kaandikwa jina?"

Amparo alifungua mdomo, kisha akamgeukia mumewe, kwa sababu jibu lilikuwa la mumewe kulitoa. Eleuterio alikuwa akiangalia ndani ya kopo la rangi kana kwamba kuna kitu kimetumbukia humo.

"Sawa," alisema.

"Sawa nini?"

"Sawa, Amparo. Tutafanya ya mama kesho."

Bi Refugio alimgeuza bata mzinga upande wa pili. Aliendelea kunyonyoa. Zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa akiuza chakula kwenye mtumbwi mdogo, anajibanza ubavuni mwa boti zenye sherehe za watu, anapandisha sahani kutoka chini na kupokea noti kutoka juu. Wateja wake wengi aliwajua kwa magoti. Mwaka huu aliomba kitu kimoja tu: akae kichwani mwa ile meza, chini ya jina lake, aletewe sahani na mtu mwingine. Hakuomba keki wala gauni. Na hicho kimoja mwanawe amekigawa kwa neno moja.

"Chakula kitakuja," alisema hatimaye, bila kuinua uso. "Nitakileta mwenyewe, na mtumbwi wangu."

"Hapo umesema, Bi Refugio," Hilario alifurahi. "Wewe mtu mzima bwana, unaelewa."

"Naelewa sana," alijibu Bi Refugio, akang'oa unyoya mrefu wa bawa.

&nbsp;

Jua lilikuwa limeanza kupoa Patricio alipofika gatini na gari la maua. Alikuwa kijana mwenye suruali nyembamba, ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa sherehe, na tangu ashuke garini alikuwa akizungumza na simu mbili. Vibarua wawili walimteremshia ubao mpana uliojaa maua meupe tupu, na katikati jina RENATA kwa vimaua vya waridi hafifu.

Eleuterio alipouona ubao ule alisimama. "Si tuliambiwa mtaleta kitambaa?"

"Maua yanatoka vizuri kwenye picha, kaka."

"Lakini ni meupe."

"Ndiyo, meupe. Bosi anapenda meupe."

Eleuterio alimgeukia Hilario. Wote wawili walikuwa watoto wa mifereji ile na walijua jambo ambalo Patricio hakuwa na namna ya kulijua. Kwenye gati lao, jina la boti hufunikwa kwa maua meupe siku moja tu, siku mwenye jina anapofariki. Boti hupambwa hivyo, husukumwa polepole kwenye mifereji yote ambayo marehemu alipita akiwa hai, na kila anayekutana nayo huacha kazi yake akaifuata.

"Bwana Hilario, si unaona haya."

"Naona maua."

"Mama yangu yuko hai."

"Na aishi miaka mingine mia. Hayo ni mambo ya wazee, Eleuterio. Si jina limeandikwa hapo kubwa, Renata? Nani hajui kusoma? Funga, wageni wanashuka."

Akafunga. Mikono yake ilifanya kazi na macho yake yakakwepa kuona mikono inafanya nini. Alipomaliza, Patricio alirudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja kama fundi picha.

"Safi. Ila hiyo kofia, kaka. Imechoka. Unaweza kuivua?"

Eleuterio alivua kofia yake ya majani, akaichomeka chini ya benchi. Tangu aanze kazi ya kupiga pondo hajawahi kusimama kwenye boti kichwa wazi ila mara moja, siku waliyomsindikiza baba yake.

Wageni walipanda kwa vicheko, wakijitupa kwenye viti kuizunguka meza. Renata, bosi mwenyewe, alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na viatu visivyofaa kwenye mbao. Walimkalisha kichwani mwa meza. Hilario naye alipanda, akajikunja nyuma karibu na masanduku ya bia, ahakikishe mambo yanakwenda. Eleuterio alikita pondo kwenye tope la mfereji, akasukuma.

&nbsp;

"Muziki uko wapi?" mgeni mmoja aliuliza walipokata kona ya kwanza. "Patricio, tuliahidiwa muziki wa watu kweli, si wa spika."

"Wapo mbele, kwenye mtumbwi wao," Patricio alijibu. "Wanakuja ubavuni, wanapiga. Ndiyo raha yenyewe."

Wapigaji walikuwapo kweli. Mzee Asunción na kundi lake walikuwa wakingoja kwenye makutano ya mifereji tangu mchana. Hawakuwa wanamngoja Renata. Walikuwa wamemwahidi Bi Refugio kumpigia jioni nzima bila malipo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuwahi kula kwenye mtumbwi wake kwa ahadi ya kulipa kesho. Habari za mabadiliko ya asubuhi hakuna aliyewapelekea. Walichokuwa wanajua ni kwamba siku nzima mtumbwi wa Bi Refugio haukuonekana mahali pake, na hilo lilikuwa la kawaida kwa mtu mwenye sherehe.

Kijana aliyepiga tarumbeta ndiye aliyeiona boti kwanza. "Inakuja," alisema. Kisha akasema, "Mzee."

Mzee Asunción aliinua macho. Jioni ilikuwa imeshika rangi ya majivu, na kutoka pale alipokuwa, jina la waridi hafifu lilimezwa na weupe. Aliliona lile paa alilolijua. Aliiona meza ndefu. Akauona weupe umelala juu ya tao, na Eleuterio kichwa wazi, uso umemshuka, anasukuma kama mtu aliyebeba mzigo wa mawe.

"Mama yangu," Mzee Asunción alisema kwa sauti ndogo. "Leo? Siku yake ya kuzaliwa?"

Akavua kofia. Wenzake wakavua. Fidla ikaanza peke yake, taratibu, gitaa kubwa likaifuata, na mfereji mzima ukausikia ule wimbo wa kuaga ambao hakuna anayeuagiza kwenye sherehe.

"Mbona wa huzuni hivyo?" yule mgeni alilalamika. "Jamani, tupigieni wa kuchangamka!"

Mtumbwi wa wanamuziki ulijiunga ubavuni, ukaenda sambamba na boti. Nyuma yake ukaja wa muuza maua, ambaye alianza kurusha matawi ya maua juu ya meza, katikati ya chupa. Wageni wakapiga makofi, wakatoa simu wakarekodi. Bi Tomasa, muuza mahindi, alisogeza mtumbwi wake mpaka miguuni pa Eleuterio, machozi yamemjaa.

"Pole, mwanangu. Imekuwa lini?"

Eleuterio alifungua mdomo. Lilikuwa neno dogo la kusema, mtoto wa miaka miwili angelisema. Lakini Hilario alikuwa amekaa pale nyuma anamkazia macho, na zamu ya Jumapili ilikuwa imekaa pamoja naye, na Renata alikuwa anatabasamu chini ya maua. Akafunga mdomo. Akakita pondo. Boti ikaenda mbele, na mama yake akabaki amekufa.

Ni aibu, na yeye mwenyewe aliiona ni aibu. Iliingia mwilini kama maji yanavyoingia kwenye boti mbovu, kimya, kutoka chini. Nyuma yake mitumbwi iliongezeka, watu wakaacha masufuria yao motoni wakafuata, na wimbo ukarudi mwanzo.

&nbsp;

Mtumbwi wa chakula ulikuwa nyuma yao kwa kona mbili. Amparo alipiga kafi. Bi Refugio alikaa mbele, katikati ya masufuria, amevaa gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya siku ile na kitambaa cha mabega chenye nyuzi nyekundu. Patricio alikuwa amemtumia sketi ya riboni za rangi zote, ili apendeze kwenye picha. Amparo aliifanya kishikio cha sufuria.

"Unasikia?" Bi Refugio aliuliza.

Amparo alinyanyua kafi wakasikiliza.

"Wanazika," Amparo alisema. "Nani kafa, mama?"

"Sijui. Sijasikia mtu kuumwa."

Walikata kona, wakayaona yote kwa pamoja: msururu wa mitumbwi, kofia vifuani, na mbele kabisa boti yao wenyewe na maua juu ya jina. Bi Refugio alinyoosha kidole.

"Ile si boti yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni mimi."

Amparo aliinamia kafi. Mwanzoni Bi Refugio alidhani analia, kisha akaona ni hasira. "Nitamwua huyu mwanaume. Haki ya Mungu, nitamwua kwa kafi hii hii, halafu maua yatumike."

"Utamwua baadaye. Sasa piga kafi," Bi Refugio alisema, akajiweka sawa kitambaa mabegani. "Piga kwa nguvu. Sitaki kuchelewa kwenye mazishi yangu."

&nbsp;

Wa nyuma ndio waliomwona kwanza. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Mwingine alitumbukiza kijiko majini. Minong'ono ilipanda mbele mtumbwi kwa mtumbwi, na Amparo akapita katikati yao bila kusalimia mtu, kafi inarusha maji kulia na kushoto. Walipofika ubavuni mwa wanamuziki, kijana wa tarumbeta aliikumbatia tarumbeta yake.

"Bi Refugio," Mzee Asunción alisema, kofia bado iko kifuani. "Wewe si…"

"Mimi bado. Asante kwa wimbo. Nyamazeni kidogo, nizungumze na mwanangu."

Aliushika ukingo wa boti, akasimama kwenye mtumbwi wake, na kwa mara nyingine tena katika maisha yake alikuwa akiitazama meza ile kutoka chini. Simu za wageni zilibaki hewani.

"Eleuterio. Nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Sikusikii. Na wale wa nyuma kule hawakusikii."

Eleuterio alimtazama Hilario mara moja, kisha akamgeuzia mgongo.

"Mama yangu yu hai!" alipaza sauti. Sauti ilimkatika katikati, akairudia. "Mama yangu Refugio yu hai!"

"Basi ondoa hayo maua juu ya jina langu."

Hilario alikurupuka kutoka kwenye masanduku. "Eleuterio, usithubutu! Hiyo boti imelipiwa. Ukigusa hilo tao, Jumapili utapangwa mwisho, na Jumapili nyingine, mpaka uzeeke!"

"Nipange hata nyuma ya choo, Bwana Hilario."

Alinyanyua pondo kutoka majini, tope linachuruzika, akaiingiza ncha nyuma ya ubao, akakandamiza kwa uzito wake wote. Kamba ya kwanza ilikatika, ya pili ikafuata. Ubao ulining'inia kwa upande mmoja, ukanyunyizia petali wageni wa mbele, ukaanguka mferejini kwa kishindo. Juu ya tao herufi nyekundu zilionekana, rangi bado mbichi, nyingine imevutwa na maua ikaacha michirizi. Lakini ilisomeka.

Mitumbwi yote ililipuka kwa makelele. Patricio alikuwa akipiga kelele zake pia, kuhusu bei ya maua, kuhusu mkataba, kuhusu meneja wake. Amparo alipanda botini na sufuria mkono mmoja, mkono mwingine ukatoa kifuani bahasha ya malipo ya awali, akaitupa mezani mbele ya Patricio.

"Chukua. Hatukuhesabu hata noti moja. Bata mzinga naye hajauzwa."

"Mimi nakwenda," Hilario alisema. Alishuka akaingia kwenye mtumbwi wa Bi Tomasa na kuamuru arudishwe gatini. Bi Tomasa aliyafuta machozi yake kwa mkono wa blauzi, akamwambia kwamba yeye hajaja kupakia abiria, amekuja msibani, na msiba haujaisha. Ikabidi akae pale pale, katikati ya mahindi.

Renata alikuwa bado kwenye kiti chake kichwani mwa meza, petali nyeupe nyweleni. Aliinuka. Ilionekana kwamba hakuwa na uzoefu wa kuinuka ili mtu mwingine akae.

"Mama, samahani. Hatukujua."

"Najua hamkujua," Bi Refugio alisema, akipanda kwa kushikwa mkono na mwanawe. Hakusema kwa ukali, wala hakusema kwa upole. "Sasa mmejua. Hii ni boti yangu na leo ni siku yangu. Chakula kiko, tena kingi. Anayetaka kukaa, karibu, ni mgeni wangu, na mgeni wangu halipi. Asiyetaka, Patricio atampeleka kwa miguu."

Mtu mmoja alicheka kabla hajajizuia. Baadhi walikunja midomo, wakaweka simu mfukoni, wakakaa wamegeukia majini kama watu waliotekwa. Renata alivua viatu vyake visivyofaa, akatafuta nafasi kwenye benchi la pembeni, akakaa. Kisha wanamitumbwi wakaanza kupanda, wauza mahindi na maua na wapigaji wawili, mpaka Eleuterio akalalamika kwamba boti itazama wafe wote kweli.

Bi Refugio alikaa kichwani. Aliweka mikono miwili juu ya meza, akaisugua kidogo, kama anayepima mbao. Amparo alipakua mchuzi mzito wa pilipili na kakao juu ya paja la bata mzinga, akaweka pembeni tortilla za moto, zile chapati za mahindi. Lakini Eleuterio aliacha pondo, akampokonya sahani. Yeye ndiye aliyempelekea. Alisimama mbele ya mama yake na sahani mikononi, machozi yakimtoka.

"Kesho hatutakuwa na zamu, mama."

"Kesho tutakula mabaki. Weka hapo, kinapoa." Alipoiweka, akamshika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu hadi kikauma. "Ulipiga pondo mara ngapi umekaa kimya, mimi nikiwa nimekufa?"

"Nyingi, mama."

"Usirudie tena. Vaa kofia yako."

Akaichomoa chini ya benchi, akaivaa. Mzee Asunción, ambaye kwa muda wote huo hakujua afanye nini na vyombo vyake, alisogea karibu na kuinama.

"Tuanze na upi, Bi Refugio? Ule wa kuzaliwa?"

Bi Refugio alikuwa ameshakata kipande cha kwanza. Alitafuna bila haraka, akameza, akafuta kidole kwenye tortilla.

"Huo baadaye. Nipigieni kwanza ule wa msiba, wote, msikate hata beti moja. Nilikuwa nimeanza kuupenda, na siku yake yenyewe sitausikia."